Nyumba ya Mama, Rau: shajara ya kumpata msanifu, kupatana bei na kumlipa

Shajara hii inahusu sehemu moja tu ya mradi: kumpata msanifu majengo, kupatana naye kazi na bei, na kumlipa hadi kibali cha ujenzi kinatoka. Msingi, kuta na paa vitaandikwa kwingine. Nilipokuwa natafuta maelezo nilikuta watu wengi wamechambua bei ya nondo na saruji, ila wa kueleza mkataba wa msanifu unakaaje sikumpata. Majina ya watu na ofisi nimeyaacha. Bei zote ni zile tulizopewa sisi, Moshi, mwaka 2024.

13 Januari 2024: Tunachotaka

Kiwanja kipo Kata ya Rau, ndani ya Manispaa ya Moshi, mita 20 kwa 30, na hati ipo. Upande wa juu kuna mfereji wa zamani ambao bado unapitisha maji. Nyumba ni ya ghorofa moja: chini anakaa mama, juu panakuwa na sehemu mbili za kupangisha. Tumepiga hesabu ya mita za mraba 220 hivi. Wanaochanga ni watatu, mimi na wadogo zangu wawili walioko Dar, na bajeti tuliyokubaliana ni milioni 130.

Kabla ya kumpigia mtu yeyote simu tuliandika ukurasa mmoja: nani atakaa, vyumba vingapi, magari mangapi, hela iliyopo, na lini tunataka kuanza kuchimba. Umetusaidia kuliko nilivyotegemea, kwa sababu kila tuliyemwendea aliulizwa kitu kilekile.

27 Januari: Bei tatu zisizofanana

Wa kwanza ni kijana anayechorea ramani karibu na duka la fotokopi mjini. Laki nne, ramani tayari ndani ya wiki. Wa pili ni ofisi ya Arusha: asilimia 6 ya gharama ya ujenzi, na VAT juu yake. Wa tatu ni dada mwenye ofisi ndogo hapa Moshi: milioni 4.8, bei moja isiyopanda wala kushuka.

Ukiziangalia hivyo, laki nne inaonekana neema na asilimia 6 inaonekana ndogo tu. Mdogo wangu alishaandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba tumchukue kijana, hela inayobaki iende kwenye tofali. Nikawaomba wasubiri, nikawaandikia wote watatu maswali yaleyale: bei hii inaishia kwenye mchoro upi? Michoro ya mhandisi wa miundo imo? BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vyote na gharama zake, imo? Manispaa wakirudisha michoro, nani anarekebisha na kwa hela ya nani? Mtakuja saiti mara ngapi? Nikitaka kubadilisha kitu, nalipa nini?

Majibu yalipindua kila kitu. Ya kijana ni karatasi za mpango wa sakafu na sura ya nyumba basi, mhandisi tujitafutie. Asilimia 6 ya Arusha ni ya usanifu na ukaguzi wa saiti. Mhandisi ni asilimia 2 juu yake, na BOQ haimo kabisa. Kwa milioni 130, asilimia 8 ni milioni 10.4, weka VAT ya asilimia 18, inafika 12,272,000. Dada wa Moshi alijibu kwa jedwali: usanifu 4,800,000, mhandisi 1,600,000, BOQ 900,000, kuja saiti 80,000 kwa kila safari. Hajasajiliwa VAT lakini anatoa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi.

Swali lililokuwa na uzito kuliko yote nililipata kwa jirani aliyewahi kujenga: asilimia ya gharama *ipi*? Ya makadirio, ya mkataba wa mkandarasi, au ile itakayofikiwa nyumba ikiisha? Ofisi ya Arusha walijibu bila kuzunguka kwamba ni ya mwisho, na fensi imo. Yaani saruji ikipanda, ada ya msanifu nayo inapanda. Sisemi ni wizi, ndivyo asilimia inavyofanya kazi, na kwenye jengo kubwa ambalo ukubwa wake haujulikani bado ni njia ya haki. Kwa nyumba yetu ambayo mipaka yake tunaijua, bei moja ilitufaa zaidi.

3 Februari: Usajili, na nyumba zilizokwisha kujengwa

Kwa Tanzania Bara wasanifu na wakadiriaji majenzi (wale wanaopiga hesabu ya BOQ) wanasajiliwa na AQRB, Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010. Wahandisi wana bodi yao, ERB, na makandarasi wana yao, CRB, kwa hiyo usikubali muhuri mmoja ufunike kazi zote. Bodi inasajili mtu na inasajili kampuni pia, angalia vyote viwili. Dada wa Moshi na kampuni yake wapo. Ofisi ya Arusha wapo. Kijana hayupo, na nilipomuuliza akasema, "Muhuri usijali kaka, kuna bro wangu anagonga." Tukaagana vizuri. Mchoro uliogongwa muhuri na mtu asiyeuchora hauna wa kuujibia siku slabu ikipasuka.

Picha za kompyuta za nyumba zenye bwawa na minazi sikuziangalia. Niliomba kuonyeshwa nyumba ambazo watu wanakaa. Dada alitupeleka Soweto na Kiboriloni, hapahapa Moshi, na kule Kiboriloni alituacha na mwenye nyumba, akaenda kusubiri kwenye gari. Mama mwenye nyumba alisema wazi kwamba maji yalivuja kwenye mfereji wa paa masika ya kwanza. Nikamuuliza, msanifu alikuja? "Alikuja, na alikuwa ameshalipwa hela yake yote." Jibu hilo ndilo lililoamua.

17 Februari: Rasimu ya mkataba, na mvutano wa malipo

Rasimu yake ilikuwa na kurasa mbili na malipo mawili: nusu wakati wa kusaini, nusu akikabidhi michoro. Tulikataa. Kwa mpango huo, siku manispaa wanaporudisha michoro na maswali, msanifu hana hata shilingi anayotudai. Sisi tukapendekeza asilimia 10 ya kuanzia na mengine yote kibali kikitoka. Naye akakataa, na sababu zake zilikuwa na mashiko.

"Kaka, akili yote ya hii nyumba iko kwenye mchoro wa awali. Mkishauona mkaondoka nao, mimi nimebaki na nini? Na kibali sikitoi mimi. Afisa akienda likizo nikae na njaa?"

Tulivutana kwa heshima, tukafika hapa, kwenye ile 4,800,000 ya usanifu:

Kusaini mkataba, asilimia 20: 960,000
Mchoro wa awali ukisainiwa na sisi, asilimia 25: 1,200,000
Michoro kamili yenye muhuri, asilimia 30: 1,440,000
Kibali kikitoka, asilimia 15: 720,000
Msingi ukikamilika na kukaguliwa naye, asilimia 10: 480,000

Kwenye kibali tuliongeza sentensi moja ambayo ningemshauri yeyote ainakili: atalipwa kibali kikitoka, *au* siku 60 zikipita tangu maombi yawasilishwe bila kuwepo hoja ya manispaa inayohusu michoro yake. Hapo akatulia.

Vipengele vingine vilivyoingia baada ya mazungumzo: marekebisho ya raundi mbili kwenye mchoro wa awali ni bure, baada ya hapo ni 25,000 kwa saa. Gharama lengwa ya nyumba ni milioni 130, na makadirio yakizidi kwa zaidi ya asilimia 10 atapunguza mwenyewe bila malipo. Kipimo cha udongo na ada za serikali tunalipa sisi moja kwa moja. Hoja za manispaa kuhusu michoro anazijibu bure. Upande wowote ukitaka kuvunja mkataba, analipwa hatua zilizokwisha pamoja na sehemu ya hatua aliyoifikia. Malipo yote yanaenda akaunti ya benki ya kampuni, si namba ya simu ya mtu.

Faili za AutoCAD, yaani michoro ya kompyuta inayoweza kubadilishwa, aligoma kutoa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi za usanifu, na hoja yake ni kwamba ramani yake imeshaonekana imejengwa kwingine bila yeye kuambiwa. Tulikubaliana PDF na karatasi, matumizi ni nyumba moja kwenye kiwanja hiki. Wakili aliupitia mkataba kwa 200,000 na akabadilisha maneno machache tu. Tukasaini.

Mhandisi tuliamua kumlipa wenyewe, ili msanifu asiongeze chake juu. Mkumbuke hiyo, inarudi mbele.

9 Machi: Mchoro wa awali

Dada alikuja kiwanjani na mama akiwepo. Kabla ya kutoa futi kamba alikwenda kwenye ukuta wa jirani, akaufuata ufa kwa kidole kutoka kwenye kona ya dirisha hadi chini, akachukua donge la udongo mweusi akalifinya. Akasema bila kipimo cha udongo hamruhusu mhandisi achore msingi. Kisha akauliza maji ya mfereji hufika wapi masika. Mama akamwonyesha kwa mguu.

Madirisha makubwa ameyaweka kaskazini na kusini. Moshi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linalochoma kuta ni la asubuhi na la jioni, mashariki na magharibi, na huko ameweka ngazi, vyoo na stoo. Kaskazini ndiko uliko mlima, hivyo wapangaji watapata Kibo bila kuongezewa bei.

Mama alikagua mchoro kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hili jiko ni zuri. Sasa mtori wa watu hamsini nitapikia wapi?"

"Shikamoo mama. Hilo hawakuniambia."

"Marahaba. Ndiyo nakuambia mimi."

Jiko la nje likaingia. Hilo lilikwenda kama raundi ya kwanza. Ya pili iliishia Dar: mmoja alitaka ngazi za wapangaji zipite nje, mwingine ndani, na kila mmoja alimpigia msanifu kivyake usiku. Alichora yote mawili, kisha akatutumia ujumbe wa adabu kwamba raundi zimeisha na saa zinaanza kuhesabiwa. Kuanzia siku hiyo anayemwandikia ni mimi peke yangu, kwa maandishi, na kundi la familia linapewa jibu likiwa tayari. Ngazi zimepita nje. Saa za ziada tulizolipa: 150,000.

20 Aprili: Michoro kamili, na nguzo mlangoni

Masika ya mwaka huu yamekuja na mvua nyingi. Shimo la kupimia udongo lilijaa maji, mtaalamu akasubiri, ratiba ikasogea. Kipimo kilikuwa 350,000. Majibu yalikuja kama dada alivyohisi: udongo unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Msingi utakwenda chini zaidi na utakuwa na boriti za zege.

Michoro ya mhandisi ilipofika niliibandika ukutani kando ya ile ya msanifu, nikaona kitu ambacho hata mimi nisiyesomea naweza kukiona: nguzo imesimama katikati ya mlango wa kutoka jikoni kwenda jiko la nje. Mhandisi alisema amefuata ramani aliyopewa. Msanifu alisema mlango aliusogeza kabla. Wote walikuwa wakweli. Faili moja iliitwa MWISHO, nyingine MWISHO KABISA, na mhandisi alikuwa na ile ya kwanza.

Sasa nani anawajibika kuoanisha? Mkataba wa msanifu ulikuwa kimya kwa sababu mhandisi ni wetu. Wa mhandisi ulikuwa kimya kwa sababu yeye anachora miundo. Tulikuwa tumeokoa nyongeza ya msanifu na kununua pengo hili. Dawa yake ilikuwa nyongeza ya mkataba ya nusu ukurasa: msanifu analinganisha michoro yote na kuisaini kwamba inaoana, kila karatasi ina tarehe na namba ya toleo, mhandisi hapokei faili kutoka kwa mtu mwingine. 150,000. Ukilinganisha na kuvunja nguzo iliyokwisha kumwagwa zege, ni hela ya soda.

Mhandisi alisogeza nguzo bila kudai. Amelipwa 1,600,000 yake yote, na msanifu amelipwa hatua ya tatu.

18 Mei: BOQ yasoma milioni 168

Niliisoma mara ya pili nikidhani kuna sifuri imekosewa mahali. 168,000,000 dhidi ya lengo la 130.

Tukakumbuka kipengele cha asilimia 10. Msanifu naye alikisoma, akasema lengo lilikuwa la *nyumba*, wakati BOQ ina fensi, jiko la nje, tangi la maji na mnara wake. Tulifungua mkataba, na kweli umeandikwa "nyumba". Tukavitoa hivyo vya nje, ikabaki milioni 147. Bado ni zaidi ya kikomo cha milioni 143. Hakubishana, alirudi mezani.

Alichopunguza kinafaa kusomwa na yeyote mwenye ramani ya kisasa mkononi. Kikubwa ni lile paa la kuficha, linalozungukwa na ukuta juu, ambalo mdogo wangu alilipenda sana. Lina tofali, plasta na mifereji ya ndani isiyohitajika, na ndilo lililovuja kule Kiboriloni. Limekuwa paa la kawaida lenye mteremko. Pili, vyoo vya juu vimekaa moja kwa moja juu ya vya chini, mabomba yamefupika. Tatu, boriti moja ndefu ya sebuleni imepata nguzo katikati, safari hii mahali pasipo na mlango. Makadirio mapya ni milioni 139.

Kazi hiyo haikutugharimu kitu kwa msanifu. Mkadiriaji majenzi alidai 200,000 za kupiga hesabu upya, na hilo mkataba haukulitaja. Tumegawana nusu kwa nusu na msanifu. Anayenakili mkataba wetu aliandike mapema, na aombe makadirio ya juujuu kwenye mchoro wa awali, kabla hajaanza kupenda paa.

Hapa pia ndipo niliporudia hesabu ya Arusha. Asilimia 6 ya milioni 168 ni 10,080,000, ya milioni 130 ni 7,800,000. Makadirio yanapanda na anayetakiwa kuyashusha analipwa zaidi yakipanda. Watu waaminifu watayashusha tu, lakini sioni kwa nini umpe mtu mtihani huo.

29 Juni: Maombi yamewasilishwa

Seti za michoro ya usanifu na ya miundo, nakala ya hati, risiti ya kodi ya ardhi, fomu. Kuchapa karatasi kubwa kumekula 118,000. Mmoja pale manispaa alishangaa kwamba mwombaji amekuja na msanifu wake. Ada imelipwa kwa namba ya malipo na imeandikwa kwenye daftari la ujenzi, si hili.

7 Septemba: Kibali mkononi

Ilirudi hoja moja katikati: karo la maji taka lilikuwa karibu mno na mpaka wa jirani. Msanifu alilihamisha akarudisha michoro, bure kama ilivyoandikwa. Ile sentensi ya siku 60 ilisogea kwa sababu hoja ilikuwa ya michoro, naye hakulalamika. Kibali kilipotoka alipata 720,000 jioni hiyohiyo.

Tuliyolipa hadi leo: msanifu 4,320,000, mhandisi 1,600,000, BOQ na nusu ya marudio yake 1,000,000, udongo 350,000, kuoanisha michoro 150,000, saa za ziada 150,000, wakili 200,000, kuchapa 118,000. Jumla 7,888,000.

Kilichobaki kwa msanifu ni 480,000 za msingi na safari za saiti. Tumekadiria safari 12, yaani 960,000, na tumezifunga kwenye kazi badala ya kalenda: kabla ya kumwaga zege la msingi, nondo za slabu zikiwa wazi, kabla ya kupaua, na kadhalika. Kila safari inalipwa akituma ripoti ya ukurasa mmoja yenye picha. Fundi mkuu ameelezwa kwamba hizi ni safari za ukaguzi. Kusimama saiti kila siku ni kazi ya msimamizi mwingine, ambaye bado tunamtafuta. Aliyejitokeza kwanza anataka asilimia.